Mama Pindo na Wenzake wa Ndani

1968–2022

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pindo, aliomba katika uhai wake jambo moja kuhusu siku hii: kwamba hali aliyoishi nayo itajwe kwa jina lake mbele ya watu waliomfahamu, isifunikwe kwa maneno "aliugua kwa muda". Ombi hilo lilibishaniwa nyumbani hadi juzi. Linatimizwa hapa. Maelezo haya yamekusanywa kutoka kwa mume wake, dada yake mkubwa, wanawe na mafundi wenzake. Pale masimulizi yalipopishana, yote yameachwa yasimame.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yake alikuwa mtunza ghala. Dada yake anashikilia kuwa ilikuwa alfajiri. Baba yao, enzi za uhai wake, aliapa kuwa king'ora cha adhuhuri kililia na mtoto akakijibu. Mama yao alipofariki mwaka 1973, marehemu alipelekwa kulelewa na jamaa wa ukoo, ambaye naye ametangulia. Huko alikuwa akifungiwa katika stoo ya makaa isiyo na dirisha, na humo alitendewa mambo ambayo mtoto hapaswi kutendewa. Mwenyewe aliomba yasielezwe zaidi ya hapo. Mwili ulikosa pa kutokea, akili ikajitafutia njia. Alirudishwa kwa baba yake mwaka 1977 akiwa hakumbuki chochote cha miaka ile. Walioikumbuka walikuwa wengine, ndani yake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari hadi kidato cha pili. Mwandiko wake siku moja uliinama, siku nyingine ulisimama wima, kazi ya mkono wa kushoto. Mwalimu alimchapa kwa kosa la kuandikiwa na mtu. Dada yake anayakumbuka mabishano ya uwanjani.

"Jana ulisema kuruka kamba hujui, leo unatushinda sote."

"Jana sikuwepo."

"Hukuwepo, na mimi nilikushika mkono?"

Wakamwita Kinyonga, naye akaitika. Dada anasema aliitika kwa sababu lilikuwa jina moja lililowatosha wote.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika karakana ya kushona sare. Alianza kwa kushona vifungo, akapanda hadi kuwa mkataji, na pindo zake zilimpatia jina mlilomjua nalo. Lakini asubuhi nyingine alikuta kitambaa kimekatwa mezani pake asijue na nani.

"Leo tena atatuambia gauni limejikata lenyewe," alisema msimamizi, karakana ikaangua kicheko.

"Sikulikata mimi."

Fundi mzee wa cherehani ya jirani, aliyeitwa Bibi Bobini, hakucheka. "Haya, si wewe. Lakini aliyekata ana mkono mzuri. Akirudi, mpe salamu zangu."

Marehemu alisimulia mara nyingi kwamba salamu hizo zilifika. Yeye na Bibi Bobini wakaanzisha utaratibu wao: anayeacha kazi achore mshale wa chaki mahali alipofikia na kuchoma sindano papo hapo, ili yeyote atakayezinduka ndani yake ajue pa kuendelea. Baadaye karakana nzima iliufuata wakati wa kupokezana zamu. Wengi walioutumia hawakujua ulianza kwa ajili ya nani.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na seremala, wakajaliwa binti na mwana. Mume alianza kumkuta ametoka barabarani bila viatu, akizungumza kama mtoto. Mashangazi walisema ni pepo. Majirani walisema anaigiza, na wengine waliwaita watoto wao ndani alipopita. Kwa ushauri wa ndugu, seremala alipiga komeo upande wa nje wa mlango wa chumba. Alilitengeneza imara, kama alivyotengeneza kila kitu, akiamini anamlinda. Aliyezinduka nyuma ya mlango ule alikuwa mtoto wa miaka mitano, na kwake ulikuwa mlango wa stoo. Kadiri alivyolia, ndivyo nyumba ilivyoamini kwamba komeo linahitajika. Miaka ilikwenda hivyo.

Mwaka 2003 daktari wa akili aliipa hali hiyo jina: utambulisho uliogawanyika. Huwapata baadhi ya watu walioumizwa sana utotoni. Nafsi, badala ya kukua ikiwa moja, hukua kwa sehemu, kila sehemu na kumbukumbu zake.

"Hakuna aliyemwingia," daktari alimwambia mume. "Aligawanyika ili aweze kuishi. Wote hao ni yeye."

"Na huyu mdogo, nimfanyie nini?"

"Umemuuliza?"

Alikwenda akamuuliza. "Mjomba," akajibiwa, "mlango siupendi."

Kesho yake seremala aling'oa mlango pamoja na bawaba zake, akatundika pazia. Tangu hapo alikuwa mume na mjomba katika nyumba moja. Wateja walimtania: "Fundi, unatuuzia sisi milango, kwako pazia?" Alijibu, "Mganga hajigangi," akaendelea kupiga randa.

Kwa miaka ya mazungumzo na daktari, familia iliwafahamu wale aliowaita wenzake wa ndani: Kadogo, aliyeogopa kufungiwa, Mkali, aliyewakinga wengine na hakupenda kuguswa, na Mkataji wa mkono wa kushoto, asiyesema. Hawakuungana wakawa mmoja. Walijifunza kuachiana nafasi. Hakuna jirani wala ndugu aliyewahi kudhurika mikononi mwao.

Mwaka 2009, alipochoka kujificha, alieleza hali yake karakanani. Aliondolewa kwenye meza ya kukatia, "asije akashika mkasi siku mbaya", akarudishwa kwenye vifungo hadi alipoacha kazi. Mkataji hakukata tena sare.

Novemba 2022 alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Binti yake alimpeleka hospitali na, alipoulizwa magonjwa ya zamani, alisema kweli.

"Basi anayeumwa ni yupi kati yao?" aliuliza daktari wa zamu.

"Tumbo ni moja," binti alijibu.

Alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili, nyuma ya mlango wa chuma. Kadogo alirudi, akalia, na kilio chake kikahesabiwa kuwa dalili. Alipopimwa tumbo hatimaye, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alifanyiwa upasuaji, akafariki tarehe 19 Novemba. Hali yake haikumuua. Alicheleweshwa kwa kutoaminiwa.

Baba mdogo wa watoto, mdogo wake seremala, alishauri aya hizi ziondolewe. "Mnazika mtu," aliuliza, "au mnawafungulia watu midomo?"

"Midomo ilifunguka zamani, baba mdogo," mwana wa marehemu alimjibu. "Tuliofunga yetu ni sisi."

Hawakuafikiana. Baba mdogo yupo hapa, na ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wawili, dada mkubwa, kaka mdogo, mawifi, mashemeji, na mafundi wenzake wa karakana, akiwemo Bibi Bobini, aliyeletwa leo kwa kiti cha magurudumu.

Kadogo, Mkali na Mkataji hawamo katika orodha ya walioachwa. Wameondoka naye, nao wanaagwa hadharani kwa mara ya kwanza, na watu wa nyumbani kwao.

Apumzike kwa amani, na kila aliyekuwa yeye apumzike.