Matairi ya Theluji

Borghild aliweka mkoba kwenye kiti cha pili ili mtu asije kukaa karibu naye, kama ilivyo ada ya mabasi ya Tromsø, kaskazini mwa Norwe, kisha akatega sikio. Mbele yake mama na bintiye, wafasiri wa filamu, walikuwa wakizozana.

“Mama, yule baba wa Kiingereza kamwambia mwanawe anampenda. Wewe umeandika, ‘Nimekufungia matairi ya theluji.’ Mtu yuko hoi kitandani, matairi kayafunga saa ngapi?”

“Mwingereza anapenda mwana, anapenda viatu, anapenda supu, neno ni lilelile. Baba gani wa Kinorwe umemsikia akilitamka?”

“Hata wangu sijamsikia. Ndiyo maana naifuta sentensi yako, angalau mwana wa kwenye filamu alisikie!”

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Kituoni alisubiri babake binti, mikono myeusi kwa grisi. “Gari lako tayari,” akamwambia binti aliyekuwa akishuka na mamaye, bila salamu. “Nimekufungia matairi ya theluji.”

Binti akamgeukia mamaye. “Bado naifuta,” akasema, huku akiushika mkono wa babake wenye grisi.