Historia ya Kaka Yetu Aliyeuliza Nani Aliosha Vikombe

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa kuwa familia inaamini nitasoma bila kulia, jambo ambalo mpaka hapa sina uhakika nalo.

Kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mgiriki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, baba akiwa fundi wa breki za mabehewa, mama akiwa dobi wa hosteli ya chuo, na yeye ndiye aliyembebea mama marobota ya mashuka. Alianza shule mwaka 1954, akamaliza sekondari 1966, akaingia chuo kilekile kilichofuliwa mashuka na mama, akasomea Kigiriki cha kale, lugha ambayo baba, mpaka anaingia kaburini, alitaka kujua inanunua nini sokoni.

Kuanzia Septemba 1974 hadi Juni 2009 alifundisha fasihi na falsafa ya Wagiriki wa kale kwa mtazamo wa Kimaksi, maana yake, kwa sisi tusio wasomi, ni kwamba wenzake walipowasifu wanafalsafa waliokaa karamuni wakijadili haki, yeye aliuliza nani alikamua zabibu, nani alivuta makasia ya meli za mashujaa, na nani, wageni walipoondoka, aliosha vikombe. Kwa swali hilo moja alitoa vitabu vinne na kujipatia maadui wa kutosha.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mpiga chapa wa idara yao, wifi yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana, miaka ya 1979, 1982 na 1986. Wifi alivipiga chapa vitabu vyote vinne, akavisahihisha, akazitafuta hadi kurasa zilizosahaulika kwenye mifuko ya mashati, na jina lake halikuonekana hata kwenye shukrani. Mganga hajigangi.

Tarehe 3 Mei 2018, kwenye mhadhara alioalikwa kutoa ingawa alikwisha kustaafu, mwanafunzi mmoja alimuuliza kaka nani alivipiga chapa vitabu vyake, ukumbi ukacheka, kaka akacheka, wifi hakucheka, na kesho yake akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, akatangaza kwamba amegoma, kitabu cha tano kikiwa sura ya sita. Kwa miezi kumi na minne kaka alichapa kwa kidole kimoja, akapata kurasa tisa, huku akilalamika kwamba mgomo haukufuata utaratibu.

Julai 2019 figo zake zilishindwa kazi, na nasema wazi, tuliogopa jambo moja kuliko kifo chenyewe, kwamba angeondoka kabla hawajapatana, na wifi angebaki na kinyongo kisicho na wa kuambiwa. Lakini wiki ya tatu, akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, alimwomba wifi radhi mbele ya wauguzi, akakiri kwamba aliwatafuta waosha vikombe wa Ugiriki na kumruka wa jikoni kwake. Tangu hapo yeye alisema, wifi akachapa, wakabishana kila aya, na tarehe 27 Oktoba 2023 kitabu kikafika nyumbani kikiwa na majina mawili, la wifi likitangulia.

Siku hiyo, wageni walipokwisha kunywa chai, kaka alivuta kigoda akaosha vikombe mwenyewe, karibu saa nzima, akavunja kimoja, na wifi hakumsaidia hata kidogo. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na miaka sabini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa wifi, nasi tulilia, lakini tulishusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani waliotuazima magari yao, na walimu wenzake, hata waliobishana naye. Zaidi tunawashukuru wale ambao sasa hivi wako nyuma ya nyumba wakiosha vikombe vyenu, majina yao tumeyabandika mlangoni, tafadhali msitoke bila kuyasoma.

Pumzika kwa amani, kaka, swali lako limejibiwa.