Bi Kiini Anakiaga Chumba cha Kompyuta

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, Bi Kiini atarudisha funguo za chumba cha kompyuta cha kituo chetu cha kusafishia maji, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku tano. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi iliandika miaka thelathini na mitatu kamili, naye akairudisha fomu ikarekebishwe.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa maabara. Mwaka wake wa pili ililetwa kompyuta ya kwanza, ikiwa ndani ya sanduku la mbao, pamoja na mtaalamu aliyekaa siku nne akaenda zake. Alituachia kitabu cha kurasa mia sita na kumi na mbili. Wengine walisubiri mtaalamu arudi. Bi Kiini alikisoma kitabu. Mwaka uliofuata, mashine ikigoma, hakuna aliyeitwa isipokuwa yeye, na mashine ya kupigia chapa ikapata mwenyewe mwingine.

Jina alilipata mkutanoni. Mkuu wa mitambo alimuuliza kwa nini kompyuta inahitaji kuangaliwa kama mtoto mchanga, naye akaeleza kwa dakika arobaini habari za kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, inayopanga kazi ipi itangulie, na ambayo bila ruhusa yake programu nyingine haigusi kitu. Fundi wetu wa pampu, Spana, alitoka akisema ameelewa neno moja tu, kiini. Jina likaganda. Nyumbani aliendelea kuwa Mama Pacha, na siku Spana alipopiga simu kumwulizia Bi Kiini, mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alimjibu kwamba amekosea namba, akakata.

Mimi nilifika hapa miaka kumi na tisa iliyopita, nimetoka masomoni, kichwa kimejaa. Mwaka huohuo tulikuwa tunabadilisha kompyuta ya udhibiti, ile inayoamua pampu ipi izunguke na dawa kiasi gani iingie kwenye maji. Ikabidi kuchagua mfumo.

Nieleze kidogo kwa wenzetu wa idara nyingine. Katika mfumo wa kiini kikubwa, karibu kila kazi nzito hufanyika ndani ya kiini chenyewe: mafaili, mtandao, na zile programu ndogo zinazoongoza kadi na vipimo. Zote zinatumia eneo moja la kumbukumbu na zinaitana moja kwa moja, ndiyo maana kazi huenda mbio. Unaweza kuongeza kipande kipya wakati mashine inafanya kazi, lakini kikishaingia kina mamlaka sawa na wenyeji. Kiini kidogo kimebakiwa na mambo machache tu: kugawa kumbukumbu, kupanga zamu na kupeleka ujumbe. Mengine yote yametolewa nje, kila moja na eneo lake, na yakitaka kusaidiana lazima yatumiane ujumbe. Hilo linachukua muda.

Mimi nilitaka kiini kidogo. Bi Kiini alitaka kikubwa, na alisema hivi mbele ya mkutano mzima:

“Mwanangu, ukiwa jikoni na chumvi iko mezani, unaichukua. Huandiki barua kuiomba.”

“Na jiko likishika moto, mama?”

“Usiwashe vibaya.”

Watu walicheka. Mkuu wa mitambo alisimama upande wake, na haki yake, kwa sababu Bi Kiini alileta vipimo vya kasi na mimi nilileta maneno. Kiini kikubwa kikawekwa, kikafanya kazi miaka mitano bila kasoro ya kuandika.

Kisha ikaja Jumanne ile. Pampu namba tatu ilikuwa imefungwa kadi mpya ya kupima mtikisiko, na programu yake ilitoka kwa waliotengeneza kadi. Bi Kiini aliijaribu siku mbili, akaridhika, akaiingiza mwenyewe. Siku ya sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, programu ile iliandika takwimu zake mahali pasipo pake, juu ya orodha ambayo kiini kinatunzia zamu za kazi. Kompyuta nzima ikaganda. Vioo vya kompyuta viliendelea kuonyesha namba nzuri za kijani, za saa nne na dakika ishirini. Kengele za hatari zilikuwa kimya, kwa kuwa anayezipiga ni kompyuta hiyohiyo iliyoganda. Pampu ya dawa ilibaki kwenye amri ya mwisho iliyopewa, na amri hiyo ilikuwa ya juu, maana mvua ilikuwa imechafua maji asubuhi ile. Maji yalikwisha safika, dawa ikaendelea kumiminika.

Dakika ishirini na tano hakuna aliyejua. Aliyetuokoa ni mama wa maabara, aliyekuja mbio na chupa mkononi.

“Fungeni dawa! Klorini imepanda mara nne! Nyie mnaangalia nini humu?”

Spana alikimbia akafunga vali kwa mikono. Maji yale hayakufika kwa mtu, lakini ilibidi tangi lote limwagwe na bomba kuu lifungwe kwa saa tisa. Hospitali ilikuwa na akiba ya maji ya kutosha saa nne tu. Bi Kiini alipoiwasha upya kompyuta na kuitoa ile programu, alipanda lori la maji kiti cha mbele akalisindikiza hospitalini, safari mbili. Nilimwambia hiyo si kazi yake. Akanijibu kwamba kompyuta imeshawaka, lakini aibu yake haijazima, na hawezi kukaa nayo kwenye kiti.

Ripoti ya tukio ilikuwa rahisi kuandika. Kadi ilikuwa na kosa, waliotengeneza walikiri, na mkuu wa mitambo alitaka tuishie hapo. Bi Kiini alikataa. Aliandika kurasa tatu, na sentensi moja bado tunaikumbuka: “Kadi ilikosea, lakini aliyeiweka mahali ambapo kosa lake linaweza kusimamisha dawa ni mimi, na nilionywa.”

Bodi haikujua imfanye nini mtu wa namna hiyo. Ikamsimamisha kuingia chumba cha kompyuta kwa wiki mbili, huku ikitafakari kama arudi au aondoke kabisa. Akapewa meza stoo, kati ya mabomba na makopo ya rangi. Tulidhani atakaa kimya ajiuguze. Kesho yake asubuhi alikuja mezani kwangu na daftari jipya.

“Haya,” akasema, “nifundishe hicho kiini chako kidogo.”

Nilikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na minane, na nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, si kwa hilo. Nilimletea vitabu vyangu stoo. Kila jioni kabla ya kutoka alinirudishia maswali, na kufikia siku ya nane maswali yake yalikuwa yamenipita. Aliniuliza programu iliyoanguka ikifufuliwa, wenzake waliokuwa wanasubiri jibu lake wanaambiwa nini. Nilikesha nikitafuta jibu.

Bodi iliamua abaki, kwa sharti kwamba yeye ndiye asimamie mabadiliko. Hapo mimi nikavimba kichwa. Nilitaka tubadilishe kila mashine, pamoja na ile kubwa inayohifadhi kumbukumbu za vipimo na wateja. Safari hii Bi Kiini alileta vipimo tena. Ripoti ya kila siku ilichukua dakika kumi na moja kwenye kiini kikubwa na dakika kumi na tisa kwenye kidogo.

“Ulikuwa sahihi kwa kompyuta moja,” akaniambia. “Usije ukakosea kwa zote. Hii ikizima, mtu atachelewa kupata karatasi. Ile ikizima, mtu atakunywa dawa.”

Alikuja pia muuzaji mwenye mfumo wa chotara, unaochanganya njia zote mbili. Bi Kiini alimwuliza swali moja, kama programu ya kadi inakaa ndani ya kiini au nje. Muuzaji akasema inategemea. Akaambiwa arudi akishajua inategemea nini. Hatujamwona tena.

Mabadiliko yalichukua miezi minane, mfumo mpya ukitembea sambamba na wa zamani. Mwaka wa kwanza, programu ya kadi ya mtikisiko, iliyorudishwa safari hii nje ya kiini, ilianguka mara kumi na nne. Kila mara ilianguka peke yake, ikafufuliwa chini ya sekunde mbili, na dawa haikuyumba hata tone. Mara zote kumi na nne ziko kwenye daftari la chumba kwa mwandiko wake. Mjini hakuna aliyejua, na yeye aliona hiyo ndiyo sifa.

Tangu hapo amefundisha mafundi tisa. Wanaomwogopa ni wale walioingia na kikombe cha chai chumbani. Wanaompenda ni walewale, baada ya mwezi mmoja hivi. Kila fundi mpya anapewa ile ripoti ya kurasa tatu aisome kwanza, kabla ya kugusa kibodi. Nilimwuliza siku moja haoni vibaya kosa lake kugeuzwa somo la kwanza. Akasema kosa lishafanyika, na lisipofundisha mtu litakuwa limetusumbua bure.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapanga makabidhiano. Ukutani pana orodha ya watu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika, na namba yake ndiyo ya kwanza. Mkuu wa mitambo aliomba ibaki, angalau mwaka mmoja. Bi Kiini alichukua kalamu akaikata mwenyewe, akaandika juu yake namba ya fundi wa tisa, binti aliyeajiriwa mwaka juzi.

“Mkinihitaji mimi, basi sikufundisha,” akasema. “Mkinikumbuka, nyumbani mnapajua. Njooni bila kompyuta.”

Bi Kiini, kwa niaba ya wote waliokunywa maji salama bila kujua jina lako, na sisi tunaolijua, ahsante. Nenda kwa Baba Pacha ukiwa na afya na moyo mweupe. Tunakuombea siku ndefu zenye raha. Hatutakupigia simu.