Maneno ya Mtume ku Njia ya Oicha

Mu taxi ya Oicha, mimi Mukatoliki nilikaa katikati ya Baislamu babili bale habakujuana: Hadji Mbusa, muuzaji wa vitenge, na Mama Zaituni, mwalimu, Mushia. Hadji aliona kitabu ya hadithi za Mtume, ya Bashia, mu mikono ya Mama Zaituni.

"Mama, ile acha. Sisi Basuni tunapata maneno ya Mtume kwa masahaba, barafiki yake, na tunapima kila jina: nani alisikia kwa nani."

"Na sisi tunapima, papa. Lakini baba akikufa, unauliza kwanza barafiki ao batu ba nyumba yake? Sisi tunauliza batu ba nyumba ya Mtume."

"Masahaba balipigana vita pamoja naye!"

"Bengine tunabaamini. Hapana bote."

Vidole vyao vilipita mbele ya pua yangu.

"Ku musikiti yetu hautaingia na ile kitabu."

"Nitaingia nayo, na nitakaa mustari ya kwanza ya bamama."

Mbele ya pori kwenye juzi batu ba silaha balipiga risasi, chauffeur wa taxi alisimama, akauliza motard mumoja ku pikipiki yake kama njia iko muzuri. "Iko muzuri, pita tu!"

"Nani alikuambia?" Hadji na Mama Zaituni baliuliza mara moja.

"Batu banasema."

"Batu gani?" bakasema tena bote babili.

Chauffeur akazima moteur ya taxi.