Chama Kimesimamishwa

Kwenye benchi lililoegemea ukuta wa chuo, hatua chache kutoka geti la nyuma, kahawa ya saa tatu huwa haijapoa mabishano yameshaanza. Wenyewe ni watatu: Fundi, mshona viatu; Wakili, mpiga chapa ambaye hajawahi kukanyaga darasa la sheria ila amechapa barua za mashtaka mpaka anajiona hakimu; na Mama Fotokopi, ambaye karatasi ya chuo haimpiti bila kusomwa. Asubuhi hiyo getini palibandikwa tangazo: chama cha wanafunzi wapanda milima kimesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Kinadaiwa kuwakaribisha wanachama wapya kwa kuwasimamisha kwenye maji ya baridi, na mmoja akazimia. Fundi alilisoma mara mbili, akarudi kukaa. Binti yake ni katibu wa chama hicho, na kijiweni hajamwambia mtu.

— Hivi chama kinahojiwaje? aliuliza, kama mtu anayepitisha muda tu. Kina mdomo?

— Wanaitwa viongozi, mmoja mmoja, alisema Mama Fotokopi. Barua za wito nimezitoa nakala mimi. Kuna kamati: walimu watatu, mwanafunzi mmoja na mlezi wa wanafunzi.

— Kamati danganya toto, alidakia Wakili. Waliwasimamisha wenzao, nao wamesimamishwa. Ngoma droo.

— Na adhabu je? aliuliza Fundi.

— Adhabu inakwenda kwa muhuri wa chama, alijibu Wakili. Unafungiwa kabatini miaka miwili. Chama kinaandikishwa upya, wapanda milima wanakuwa wapanda vilima.

— Wewe nawe, alicheka Mama Fotokopi. Na bendera ikatazwe kufanya mitihani?

— Cheka tu. Mimi nakwambia hata hao wachunguzi walikuwa wapanda milima enzi zao. Mkuu wa chuo mwenyewe alisimama kwenye maji yaleyale. Ndiyo maana hajawahi kutabasamu.

Fundi aliinama, akaendelea kutoboa soli.

Ndipo akafika mama mmoja wasiyemjua, anachechemea, mkanda wa kiatu umekatika. Fundi akampisha nafasi, akakipokea kiatu, akatunga uzi.

— Mnawazungumzia wale wa milimani? mama yule aliuliza taratibu. Aliyezimia ni mwanangu. Afya si mbaya, ila kurudi chuoni hataki kusikia. Natoka ofisini sasa hivi. Wameniambia nisiwe na wasiwasi, chama kimeshachukuliwa hatua. Hebu nisaidieni, ndugu zangu. Chama ni nani?

Wakili aliinamia kikombe chake cha kahawa. Mama Fotokopi akaviangalia vidole vyake vyenye wino.

Fundi alivuta uzi mpaka mwisho, akaukata, akamrudishia kiatu chake.

— Mama, mimi nina binti humo. Siku ile alifanya nini, sijui. Sijathubutu kumuuliza. Saa hizi yuko maktaba. Twende tukamuulize sote wawili.

Fundi alisimama. Akaingia naye getini, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati.