Nati ya Juu

Kwenye Landrova ya kwenda Kilambo, mwaka tisini na tisa, karani mmoja wa bandarini alikuwa anamsimulia mama muuza muhogo jinsi alivyobadilisha oili ya giaboksi ndogo, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, nyumbani kwake Mtawanya bila fundi. “Nilisoma kitabu,” alisema, kwa sauti ya kututosha wote.

“Ulianza na nati ipi?” mama akauliza. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori la korosho, na mshika kurunzi wake wakati wa matengenezo alikuwa yeye.

“Ya chini. Oili chafu ikatoka yote.”

“Na ya juu, ya kujazia?”

Karani akatazama mikorosho ikipita. “Ilishika kutu. Nikamimina oili mpya kwenye giaboksi kubwa, itateremka yenyewe.”

“Hizo ni nyumba mbili, baba. Jirani akipika, wewe hushibi.”

“Mbona gari linatembea?”

“Liko wapi?”

“Si ndilo hili tulilopanda! Ni langu.”

Chini ya benchi kitu kilisaga, kikalia, kisha gari likasimama katikati ya mchanga.

Mama alishuka wa kwanza, akajitwika muhogo wake. “Kitabu umekuja nacho, baba?”