Bi Nani Kasema Anaiaga Meza Yake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutafsiri ripoti, matangazo na barua za idara yetu ya afya, mfasiri mkuu anastaafu. Hapa ofisini jina lake halisi linatumika siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote ni Bi Nani Kasema, au Bi Nani kwa walio na haraka.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliianza kwa kuandika kwamba inajulikana na wote kuwa Bi Nani ni mchapakazi. Nimeifuta kabla hajaiona, kwa sababu najua angeandika nini pembeni kwa ile kalamu yake nyekundu. Basi niseme hivi: mimi, niliyekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka ishirini na miwili, nimemwona akifanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika chumba chetu, viatu vikiwa vimevuliwa chini ya meza na mto aliojishonea mwenyewe ukiwa mgongoni.

Kwa wageni, jina hilo linahitaji maelezo. Ripoti zetu huja kwa Kiingereza, na wanaoziandika wana sentensi moja wanayoipenda mno, ile inayoanza na "it is known that". Utaikuta mwanzoni mwa aya, kabla ya hesabu yoyote na kabla ya ushahidi, ikituambia kwamba inajulikana, inaaminika, au inakubalika kwa jumla kuwa watu fulani wako hivi. Haina mtu ndani yake. Huingia mkutanini bila kupiga hodi, ikakaa kiti cha mbele, na hakuna anayeiuliza imetumwa na nani. Bi Nani ndiye aliyeiuliza. Hakuichukia, nisije nikamsingizia. Ripoti ikisema inajulikana kwamba maji yakichemshwa vijidudu hufa, yeye alitafsiri na kupita. Lakini ikisema inajulikana kwamba vijana hawasikii, au kwamba wakazi wa mtaa fulani ni wachafu, rasimu ilirudi kwa mwandishi na swali moja: nani kasema?

Swali hilo halikuishia kwenye karatasi. Siku moja mlangoni palibandikwa tangazo kwamba imeamuliwa wafanyakazi wasile mezani. Bi Nani aliongeza chini yake kwa kalamu nyekundu, "Na nani?", akarudi kukaa na kuendelea kutafuna karanga zake kwa utulivu mkubwa. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kueleza kwamba ameamua yeye, kwa sababu ya sisimizi. Bi Nani alimshukuru, akafunga karanga zake, na tangu siku hiyo hajala mezani hata biskuti. Amri ikiwa na mwenyewe, hana ugomvi nayo.

Wa kwanza kulalamika juu ya tabia hii ni dereva wetu. Safari moja alimwambia kwamba wanasema barabara ya juu imefungwa. Bi Nani akataka kujua ni akina nani hao wanaosema. Dereva akamtupia methali, kwamba lisemwalo lipo. Akajibiwa kuwa lipo, ndiyo, na mwenyewe yupo pia, kwa hiyo amlete. Dereva hakuwa na wa kumleta, wakapanda barabara ya juu. Ilikuwa imefungwa. Walikaa nyuma ya lori la mchanga mpaka mkutano waliokuwa wakiuendea ukaisha bila wao, na dereva hajaacha kuisimulia safari hiyo mpaka leo.

Wengi hucheka, lakini wachache wanajua swali hilo lilianzia wapi. Mimi najua kwa sababu lilinigusa nyumbani kwangu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, na mke wangu ana mimba yetu ya kwanza. Tulikaa nyuma ya kituo cha afya, karibu kiasi cha kusikia geti lake likifunguliwa. Ndipo ikaletwa ripoti ya kufunga wadi ya wazazi ya kituo hicho. Sababu ilikuwa sentensi moja: inajulikana kwamba akina mama wa eneo hilo hawapendi kujifungulia kituoni. Vitanda vilikuwa vitupu, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kubisha. Hospitali nyingine iko ng'ambo ya mji, na mimi nilikuwa sina gari wala jirani mwenye gari. Niliogopa, na sikuficha.

Bi Nani alipewa kazi ya kuifasiri ripoti hiyo ili isomwe mbele ya wakazi. Kwa Kiingereza ile sentensi ilikuwa ikipita kama maji. Kwa Kiswahili, alipojiwazia akiisoma mbele ya akina mama wenyewe, ilimkwama kooni. Alimuuliza daktari aliyeiandika, naye akasema kwa uungwana kwamba ameikuta kwenye ripoti iliyotangulia, na aliyeandika hiyo aliikuta kwenye iliyoitangulia. Basi Bi Nani akavaa viatu, akamwomba dereva ampeleke kituoni, akamkuta mkunga wa zamani akisuuza mabeseni. Akamuuliza habari hiyo ilianzia kwa nani.

Dereva aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyetusimulia jibu. Mkunga aliweka beseni chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Mwanangu, aliyesema ni mimi. Na aliyeandika ni wewe."

Kisha akamwonyesha dirisha. Dirisha la wadi lilitazama benchi la wanaosubiri, na benchi hilo kila siku lilijaa baba wakwe, mashemeji na majirani. Miaka kadhaa nyuma, katika kikao kimoja, mkunga alilalamika kwamba baadhi ya akina mama wanamwambia hawapendi kuzalia pale, kwa sababu dirisha linawavua nguo mbele ya wakwe zao. Mfasiri wa kikao hicho alikuwa Bi Nani, bado mgeni kazini, akitakiwa kufupisha. Katika Kiingereza chake safi "baadhi" waligeuka kuwa wote, mkunga akatoweka, na dirisha likatoweka naye. Ikabaki "inajulikana".

Aliporudi hakupitia mezani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, na siku kamati ilipokaa kuijadili ripoti akasimama mbele ya watu wazima na akili zao akasema kwamba aliyeianzisha ile sentensi ni yeye, na amekosea. Wangeweza kumfukuza. Badala yake mzee mmoja wa kamati akasema twende tukaone. Huko kituoni alikaa kwenye lile benchi, akainua macho, halafu akajifunika uso kwa kofia yake na kuomba aondolewe hapo upesi.

Benchi lilihamishiwa upande wa pili na pazia zito likatundikwa dirishani. Wadi haikufungwa. Akina mama walianza kurudi, kwanza kwa aibu kidogo, baadaye kwa foleni, na Bi Nani akaanza kuuliza swali lake kwa kila mtu, akianzia kwa nafsi yake. Wapo waliofasiri kwa haraka kuliko yeye, na wapo waliopandishwa cheo kabla yake kwa sababu rasimu zake zilichelewa. Sijui mwingine aliyesoma kosa lake mwenyewe kwa sauti halafu akalifanya kuwa kazi ya maisha yake. Ninampenda kwa hilo, na niliona aibu kumwambia ana kwa ana.

Bi Nani, asante kwa subira, kwa karanga za kabla ya sisimizi, na kwa kalamu nyekundu uliyoniachia juzi. Pumzika, na viatu vikae huko huko chini ya meza. Tunakutakia maisha marefu yenye heri, na kwa kuwa utauliza ni akina nani, tunajitaja. Anakutakia mkurugenzi. Anakutakia dereva, ambaye bado anasema barabara ilikuwa imefungwa. Anakutakia mkunga, aliyestaafu kabla yako na ameahidi kufika. Ninakutakia mimi na mke wangu. Na anakutakia binti yetu, aliyezaliwa nyuma ya pazia lile. Nimemuuliza mwenyewe.